Sledi Moja, Bledi Nyingi

Mafundi wenzangu, wanafunzi wa vyuo vya ufundi, na nyinyi wauza mbao mliofunga maduka mapema ili mje: hamjambo, na karibuni.

Mada niliyopewa ni sledi ya kukatia mbao kwenye msumeno wa meza, na jinsi ya kuitengeneza ili ifae bledi, zile sahani za meno za msumeno, za unene mbalimbali. Kwa jina ni mada ndogo. Lakini simama kando ya Ngong Road, Nairobi, pale makabati na meza zilipopangwa, ufungue droo moja. Utajua papo hapo kama fundi wake alikuwa na kifaa cha kukatia pembe mraba au alitegemea jicho. Droo inayokwama upande mmoja haikuharibikia kwenye gundi wala kwenye skrubu. Iliharibikia kwenye msumeno, kabla misumari haijatolewa mfukoni.

Tuanze na hesabu, kwa sababu seremala bila hesabu hafiki mbali. Ubao wa upande wa kabati la jikoni huwa na kina cha milimita 560 hadi 600. Mkato ukipinda kwa nusu digrii tu, ukifika mwisho wa milimita 600 utakuwa umepotea kwa milimita 5 na zaidi kidogo. Nusu digrii hakuna anayeiona kwa macho. Milimita 5 mwenye nyumba anaziona akiwa bado mlangoni.

Kwa wanafunzi ambao hawajaishika, sledi ni ubao bapa unaoteleza juu ya meza ya msumeno. Chini yake kuna reli mbili zinazopita ndani ya mitaro ya meza. Juu yake kuna fensi mbili: moja iko upande wako fundi, ndiyo inayoshika kazi, yaani ubao unaokatwa, kwa digrii 90, nyingine iko upande wa mbali, na kazi yake ni kuufunga ubao usiachane vipande viwili baada ya bledi kupita katikati. Unaweka kazi juu, unaibana kwenye fensi, unasukuma sledi nzima. Kazi haisuguani na meza, haipindi, na vidole vyako viko mbali.

Siku unapomaliza kuitengeneza, unawasha mashine na kuisukuma sledi, na bledi inajichimbia njia yake kwenye ubao wa chini. Njia hiyo inakuwa sawasawa na upana wa meno. Faida kubwa ya sledi, ambayo wengi hawaizungumzii, iko hapo hapo. Meno yanayokutana na kazi yako yanashuka: yanaingia kwa juu na kutokea chini. Yakitokea chini bila kitu cha kuyapokea, yanang'oa nyuzi za mbao badala ya kuzikata. Ndiyo maana vinia ya plaiwudi, lile tabaka jembamba la juu, huchanika upande wa chini, na melamini, ubao wenye ngozi ngumu ya plastiki, humeguka vipande vidogo vidogo kwenye ukingo. Ubao wa sledi ukiwa umebana kabisa pande zote mbili za bledi, nyuzi hazina pa kukimbilia. Zinakatwa.

Sasa badilisha bledi.

Bledi nene ya kawaida inakata njia ya milimita 3.2. Bledi nyembamba, ambayo wengi wetu tunaipenda kwa sababu haiichoshi mota ndogo na haili mbao nyingi, inakata kama milimita 2.4. Ukitengeneza sledi kwa ile nene kisha ukafunga nyembamba, tayari una pengo la karibu milimita moja. Kwa mtarakwa mgumu huenda usione tofauti. Kwa plaiwudi yenye vinia nyembamba utaiona katika mkato wa kwanza. Na ukiwahi kufunga bledi iliyopinda hata kidogo, inayoyumba ikizunguka, itaipanua njia ile na haitarudi tena.

Hata mwenye bledi moja tu hajaepuka. Meno ya kabaidi, yale magumu yaliyobandikwa kwenye ncha za bledi, yamechongwa yakiwa mapana kwa nje na membamba kidogo kuelekea katikati ya bledi. Kila ukienda kunoa, kileleni panapungua, na upana wa mkato unapungua pamoja nacho. Kwa mara moja ni kidogo sana. Baada ya kunoa mara kadhaa, bledi yako si ile uliyotengenezea sledi.

Nimeona karakana ambazo jibu lao ni kuwa na sledi tatu zilizotundikwa ukutani, kila moja na bledi yake. Siwalaumu. Ila sledi kubwa inakula plaiwudi, inakula nafasi, na kila moja inahitaji kupimwa pembe yake upya. Na mbao zetu si za kutupa. Mnakumbuka mwezi wa Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Mpaka katazo lilipoondolewa mwaka 2023, bei ya mbao ilikuwa imetufundisha sote kuhesabu kila kipande. Kwa hiyo ninachowaletea leo ni sledi moja, fensi moja iliyopimwa mara moja ikapimika, na katikati yake kibao kidogo kinachotolewa na kubadilishwa kwa kila bledi.

Iko hivi. Chini weka plaiwudi ya milimita 9, iliyonyooka kweli. Iweke juu ya meza ya msumeno uibonyeze pembe zote nne. Ikicheza, iache, itafute nyingine. Kipimo changu ni upana wa milimita 800 na kina cha milimita 600, kwa kazi za kabati. Anayetengeneza fremu za picha na masanduku madogo anaweza kupunguza nusu na mgongo wake utamshukuru. Juu ya plaiwudi hiyo panga tabaka la pili la emdiefu (MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya milimita 6, lililogawanywa vipande vitatu. Cha kushoto na cha kulia vinagandishwa kwa gundi moja kwa moja. Cha kati, chenye upana wa milimita 100, hakigandishwi. Kinakaa katikati ya vile viwili kikiwa kimebanwa vizuri, kisha kinashikwa kwa skrubu nne zilizozama, mbili kila upande, kando kabisa ya mahali bledi inapopita.

Plaiwudi ya chini ikate njia pana tangu mwanzo, kwa upana wa bledi kubwa kuliko zote utakazowahi kutumia. Hiyo haina kazi ya kushikilia nyuzi. Kazi hiyo ni ya kibao cha kati peke yake, na kibao hicho kina njia inayolingana na bledi moja tu. Ukibadilisha bledi, unafungua skrubu nne, unatoa kibao, unaweka kile cha bledi uliyofunga. Kama ni bledi mpya, unaweka kibao kizima ambacho hakijakatwa, unawasha mashine na kusukuma polepole, nayo inajitengenezea njia yake.

Hapa pana jambo dogo linaloharibu kazi nzima lisipoangaliwa. Vibao vyote lazima vitoke kwenye shiti moja na lile tabaka la pembeni. Emdiefu ya milimita 6 kutoka duka moja na ya milimita 6 kutoka duka jingine hazilingani, na tofauti ya nusu milimita inatosha. Kibao kikizidi, kazi inapepea juu yake kama meza yenye mguu mfupi. Kikipungua, nyuzi zinabaki hewani na tumerudi palepale tulipotoka. Kwa hiyo siku unayotengeneza sledi, kata vibao kumi kwa mpigo na uvihifadhi vimelala, visisimamishwe ukutani vikapinda.

Sledi hii inakula kimo cha milimita 15. Bledi ya inchi 10 kwenye mashine za kawaida huinuka karibu milimita 79 juu ya meza, kwa hiyo unabaki na takriban 64. Kwa makabati, milango na meza inatosha. Kwa nguzo nene za vitanda haitoshi, na sitawadanganya. Hizo huwa nazikata kwa njia nyingine.

Nataka sasa tukae kidogo kwenye shafti, mhimili unaozungusha bledi, kwa sababu watu wengi hufunga bledi miaka mingi bila kuiangalia. Bledi yako inakaa kati ya flanji mbili, vile visahani vya chuma vinavyoibana. Ya ndani haisogei. Imeshikamana na shafti. Ya nje ndiyo unayoitoa pamoja na nati. Maana yake ni kwamba bledi yoyote utakayofunga, uso wake wa ndani unaegemea mahali palepale. Unene ukiongezeka, unaongezekea upande wa nje, upande wa nati. Kwa hiyo kwenye sledi, ukingo wa njia ulio upande wa flanji ya ndani karibu hausogei unapobadilisha bledi. Nasema karibu, kwa sababu meno hutokeza kidogo nje ya sahani ya bledi, na kutokeza huko hutofautiana kati ya bledi na bledi kwa sehemu ndogo ya milimita. Ukingo wa upande wa nati ndio unaohama kweli.

Ukishajua hilo, mambo mawili yanajipanga yenyewe. La kwanza, futi ya kubandika kwenye fensi ibandikwe upande wa flanji ya ndani, sifuri ikianzia kwenye ukingo wa njia. Hapo kizuizi chako cha kipimo, kile kipande unachobana kwenye fensi ili kila mkato utoke na urefu uleule, kitabaki kweli, au kitapotea kwa kiasi ambacho utakirekebisha kwa mkato mmoja wa majaribio. Ukiibandika upande wa nati, kila bledi itataka futi yake. La pili, kila kibao cha kati kinakuwa alama ya kukatia. Weka mstari wako wa penseli kwenye ukingo wa njia, na hapo ndipo meno yatakapopita. Hakuna kukisia, hakuna kuinama kuchungulia bledi. Andika kwa kalamu ya wino juu ya kila kibao: bledi gani, meno mangapi, lini ilinolewa mara ya mwisho.

Reli za chini sitazizungumzia sana. Mitaro ya mashine nyingi ina upana wa milimita 19 na kina cha milimita 9 na nusu, lakini pima yako. Mbao ngumu iliyokauka vizuri inafaa, kama mvule au meru oki, ila kumbukeni mvua za masika: reli iliyoteleza vizuri mwezi wa Februari inaweza kukwama mwezi wa Aprili. Mimi siku hizi napendelea kukata reli kutoka kwenye zile mbao nene nyeupe za plastiki za kukatia nyama. Hazinyonyi unyevu, na zinateleza bila hata nta. Zifunge kwa skrubu, kwa sababu gundi ya mbao haizishiki.

Wenye mashine za kujitengenezea, zile za meza ya chuma iliyochomelewa na mota chini, najua wengi wenu hamna mitaro kabisa. Msivunjike moyo. Sledi inaweza kuongozwa na kingo mbili za meza yenyewe, mradi zimenyooka na ziko sambamba na bledi: unashusha reli nje ya meza, kulia na kushoto, badala ya ndani ya mitaro. Lakini hakikisha kwanza shafti haichezi. Sledi nzuri haiwezi kuiponya beringi iliyokufa.

Tuje kwenye fensi ya upande wako, ambayo ndiyo roho ya usahihi. Ifunge kwa skrubu moja ya kudumu upande mmoja, na upande mwingine skrubu inayoweza kusogea. Skwea ya dukani, ile ya kupimia pembe mraba, itakusaidia kuanza tu. Kuna njia ya mikato mitano, iliyoenezwa sana na seremala William Ng wa Marekani, na naomba kila mmoja aijifunze. Chukua kipande cha emdiefu chenye pande nne. Kata upande wa kwanza. Geuza kipande, upande uliokatwa uegemee fensi, kata wa pili. Geuza tena kwa mwelekeo uleule, wa tatu, wa nne. Kisha rudi upande wa kwanza na ukate mara ya tano, safari hii ukitoa ukanda mwembamba wa kama milimita 25. Pima upana wa ukanda huo mwanzoni na mwishoni kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene kwa usahihi. Kosa la fensi limejikusanya humo mara nne.

Tuseme ncha moja inazidi nyingine kwa milimita 0.8, na ukanda una urefu wa milimita 400. Gawanya 0.8 kwa 4, unapata 0.2. Hilo ndilo kosa halisi kwa kila milimita 400. Kama kutoka skrubu ya kudumu hadi ile inayosogea ni milimita 500, fensi yako inatakiwa isogee robo ya milimita, 0.25. Utaisogeza vipi robo ya milimita? Nenda Kirinyaga Road kwa wauza vipuri, ununue fila geji, zile sahani nyembamba ambazo makanika hupimia pengo la valvu. Weka kizuizi nyuma ya fensi, chomeka sahani ya 0.25, kaza. Rudia mikato mitano. Namba ikipanda badala ya kushuka, umesogeza upande usio sawa. Rudi upande wa pili. Ikishuka hadi sehemu ya kumi ya milimita au chini ya hapo, weka skrubu nyingine tatu na usiiguse tena fensi hiyo. Sababu hasa ya kubadilisha kibao cha kati badala ya sledi nzima ni hiyo: kazi hii ya kupima unaifanya mara moja.

Fensi nayo inahitaji ngozi ya kubadilishwa. Kingo ya nyuma ya kazi yako, ile inayogusa fensi, huchanika kama inavyochanika ya chini. Kwa hiyo bandika mbele ya fensi kipande cha emdiefu ileile kwa skrubu mbili fupi, na kibadilishwe pamoja na kibao. Fensi yenyewe iwe na kimo cha milimita 100 katikati, ili bledi isije ikaikata vipande viwili siku utakapoiinua juu kabisa.

Na hapo inapotokea bledi, nyuma ya fensi, upande wa tumbo lako, gandisha bonge la mbao. Hili silitaji kama nyongeza. Bledi ya inchi 10 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, meno yake yanakwenda kwa kasi ya karibu kilomita 190 kwa saa. Mikono yetu tukisukuma sledi huwa imeshika fensi, na vidole gumba vinaning'inia nyuma, pale pale bledi inapochomoza mwisho wa mkato. Bonge liwe nene la kutosha bledi kubaki ndani yake, na uweke kizuizi chini ya meza kinachoisimamisha sledi kabla bledi haijalitoboa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inadai sehemu hatari za mashine zikingwe. Mimi nasema hata kama sheria isingekuwepo, kijana anayejifunza kwako ana vidole kumi, na mama yake anataka arudi navyo vyote.

Jambo jingine la hapa kwetu ni stima. Ikipotea katikati ya mkato, mkono wako wa kwanza uende kwenye swichi, si kwenye simu. Mashine yenye swichi ya kawaida inabaki imewashwa, na stima ikirudi bledi inaanza kuzunguka huku wewe umeinama kutoa kipande. Swichi ya sumaku, inayojizima umeme ukikatika, ni kifaa cha kwanza ningependa mnunue kabla hata ya bledi mpya.

Na msitumie fensi ya kupasulia, ile ya meza ya msumeno inayoongoza ubao unapopasuliwa kwa urefu, kama kizuizi cha kipimo mnapokata kwa sledi. Kipande kilichokatwa kinanaswa kati ya bledi na fensi ile, kinapinda kidogo, na kinarushwa. Tumieni kizuizi cha kwenye sledi, upande mmoja tu. Upande wa pili uachwe huru kabisa.

Kuna swali ambalo kaka hapa mbele ameniuliza kabla hatujaanza, kuhusu bledi za kupanga, zile zinazowekwa kadhaa pamoja ili kuchimba mfereji wa kukalia rafu. Zinafika upana wa milimita 20 hivi, na sledi hii inazimudu: kibao chake cha kati kinakuwa na njia pana tu, kwa hiyo plaiwudi ya chini ikate milimita 25. Lakini angalia shafti yako kwanza. Mashine nyingi za soko la Ulaya, zenye bledi ya tundu la milimita 30, zina shafti fupi isiyozikubali. Usilazimishe nati ishike nyuzi mbili tatu. Funga bledi ya kawaida, weka vizuizi viwili kwenye fensi, kimoja kwa ukingo wa kushoto wa mfereji na kingine kwa ukingo wa kulia, kisha safisha katikati kwa kupitisha mara kadhaa. Inachukua dakika chache zaidi. Mfereji unatoka sawa na unene halisi wa ubao wako, na nyote mnajua plaiwudi inayouzwa kama ya milimita 18 mara nyingi haifiki 18.

Anayetaka kukata kwa digrii 45 kwa kulaza bledi, naye atenge kibao chake. Bledi iliyolala inapita mahali tofauti na kuacha njia pana zaidi, na ukitumia kibao cha digrii 90 utakuwa umekiua kwa mkato mmoja. Kuweni waangalifu skrubu zenu ziko wapi upande ule bledi inakolalia. Ikibidi, zisogezeni nje zaidi siku ya kutengeneza.

Nimeleta sledi, vibao sita na bledi tatu za unene tofauti, na kipande cha plaiwudi yenye vinia ya mahogani. Nitakata kwa kila bledi mara mbili, mara ya kwanza na kibao chake, mara ya pili na kibao cha mwenzake, nanyi mtapitisha vipande mikononi na kuangalia upande wa chini. Wanafunzi sogeeni mbele, wakubwa watawapisha. Mwenye tai au mikono mirefu ya shati aitunze. Na wewe uliye karibu na ukuta, tafadhali chomoa plagi kwenye soketi kabla sijashika spana.